Hifadhidata inapojaribu kutuelewa kupita kiasi

Chukua jedwali la wateja lenye safuwima ya jina, aina yake maandishi. Andika kwenye MySQL, mfumo wa hifadhidata: SELECT * FROM wateja WHERE jina = 0, yaani leta wateja wote ambao jina lao ni 0. Ungetarajia hitilafu, au angalau matokeo matupu. Badala yake utaletewa karibu wateja wote, kwa sababu kabla ya kulinganisha, MySQL hugeuza jina kuwa namba, na jina lisiloanza na tarakimu huhesabiwa kuwa sifuri. Onyo hutolewa, ila programu nyingi hazisomi maonyo. Swali hilohilo PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, hulikataa papo hapo: haina opereta ya kulinganisha maandishi na namba nzima.

Lugha ya kuuliza hifadhidata ni moja, SQL, yenye kiwango rasmi tangu 1986, lakini kuhusu thamani za aina tofauti kukutana kwenye usemi mmoja, kila mfumo una msimamo wake.

Wanaotetea ulegevu, yaani mfumo kugeuza aina za data wenyewe bila kuambiwa, wana hoja nzito. Data kutoka nje hufika ikiwa maandishi, hata umri na bei, na kuandika CAST, amri ya kugeuza aina ya thamani, kila mahali kunachosha na kufanya swali lisisomeke. Ukali nao una gharama. PostgreSQL 8.3 ilipotoka mwaka 2008 na kuondoa sehemu kubwa ya ugeuzaji wa kimyakimya kwenda maandishi, programu zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zilianza kugoma baada ya kuboresha mfumo. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zikitoa majibu sahihi. Huwezi kumwambia mwenye programu kama hiyo kwamba hajapoteza kitu.

Hata hivyo, mimi niko upande wa ukali, kwa sharti moja ambalo mjadala huu mara nyingi hulisahau: ni nani anayegeuzwa? PostgreSQL yenyewe hukubali WHERE umri = '30', ingawa umri ni namba. Thamani iliyo ndani ya alama za kunukuu huachwa bila aina mpaka muktadha uamue, kisha inageuzwa mara moja tu. Ukiandika '30x', unakataliwa kabla ya safu (mstari wa jedwali) hata moja kusomwa. Ulegevu wa namna hiyo haumdhuru mtu. Kwenye jina = 0 mambo ni kinyume: kinachogeuzwa ni data iliyohifadhiwa, safu baada ya safu, na faharasa ya jina, orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji, haiwezi tena kusaidia. Kwa hiyo thamani niliyoandika kwa mkono itafsiriwe. Safuwima isiguswe bila mimi kusema.

Alama za kunukuu zenyewe ni mfano mwingine. Kwa mujibu wa kiwango, alama moja (') ni za thamani na alama mbili (") ni za majina ya safuwima na majedwali. SQLite, mfumo mdogo wa hifadhidata, ililegeza hapo ili ipatane na MySQL ya zamani: jina lililo ndani ya alama mbili lisipopatikana, linachukuliwa kuwa maandishi ya kawaida. Basi ukikosea herufi na kuandika WHERE "jnia" = 'Asha', unaweza usione hitilafu yoyote. Neno jnia linalinganishwa na neno Asha, hayafanani, na unapata safu sifuri. Unaondoka ukiamini Asha hayumo. Waundaji wa SQLite wenyewe wanakiri kwenye nyaraka zao kwamba hii ni dosari, na mwaka 2021 toleo 3.37 lilileta majedwali ya STRICT kwa anayetaka aina za data zisimamiwe, ingawa hayo hayagusi suala la alama.

Ila wapenda ukali tusijidanganye. SELECT 7/2 kwenye PostgreSQL hutoa 3, nusu ikitupwa bila onyo, kwa kuwa namba nzima kugawa namba nzima hubaki namba nzima. MySQL hutoa 3.5000, jibu ambalo watu wengi wangelitaka. Vilevile NOT IN, inayotafuta thamani zisizomo kwenye orodha: orodha ikiwa na NULL (alama ya thamani isiyojulikana) hata moja, swali halirudishi safu yoyote, kwa sababu kulinganisha chochote na NULL hakutoi kweli wala uongo. Hiyo ni kanuni ya kiwango chenyewe, na PostgreSQL huifuata kama MySQL. Hapo ukali wa aina za data hausaidii kitu. Ni mwandishi wa swali anayepaswa kuandika 7/2.0, na kutumia NOT EXISTS, inayouliza kama hakuna safu inayolingana, pale safuwima inaporuhusu NULL.