Kabla hujaivisha Phantom rangi za Vietnam

Rangi nyingi za F-4 Phantom, ndege ya kivita ya Marekani, zinazogawiwa kwa watumiaji wa simuleta (programu za kurusha ndege kwenye kompyuta) zina ugonjwa mmoja: zimepakwa ndege ambayo haikuwahi kuwapo. Mabaka ya kijani yametoka kwenye picha ya mwaka mmoja, namba ya mkiani kwenye picha ya mwaka mwingine, nyota za ushindi, zinazohesabu ndege za adui zilizoangushwa, ni za rubani wa kikosi kingine kabisa. Chini ya vyote hivyo kuna modeli ya F-4E inayojifanya F-4C, aina nyingine ya Phantom. Nashikilia kwamba mchoraji achague ndege moja na tarehe moja kabla hajafungua programu ya picha. Asiyetaka kufanya hivyo abuni rangi zake kwa uhuru, ila asiziite za kihistoria.

Chukua F-4C namba 64-0829, ambayo Kanali Robin Olds aliirusha tarehe 20 Mei 1967 akaangusha MiG-17 mbili, ndege za kivita za Vietnam Kaskazini. Leo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Jeshi la Anga la Marekani, Dayton, Ohio. Kila mtu anataka kuipaka, na kishawishi cha kuibandika kwenye modeli ya F-4E ni kikubwa. Lakini F-4E ina urefu wa mita 19.2 na F-4C ni kama mita 17.8, na tofauti hiyo karibu yote iko puani, ambako F-4E imebeba mzinga wa M61 wa milimita 20. Hakuna rangi inayoficha mita moja na nusu ya pua. Kama modeli uliyo nayo ni F-4E, tafuta F-4E halisi ya kupaka, zipo tele.

Tarehe nayo hubadilisha mengi. F-4C za mwanzo zilitoka kiwandani St. Louis zikiwa na kijivu juu na nyeupe chini, mtindo wa jeshi la majini. Mabaka ya Asia ya Kusini-Mashariki, yaani ya Vietnam, yalikuja baadaye, na herufi mbili za mkiani za kutambulisha kikosi baadaye zaidi. Mwaka 1965 herufi hizo hazikuwapo. Kwa mtindo wa zamani, 64-0829 huandikwa 40829 mkiani, yaani tarakimu ya mwisho ya mwaka wa bajeti iliyoinunua ikifuatwa na namba yenyewe. Anayechora ndege hii ilivyokuwa asubuhi ya tarehe 20 Mei haruhusiwi kuchora nyota za jioni yake.

Rangi zenyewe zina namba katika kiwango cha Marekani cha Federal Standard 595. Mabaka ya Vietnam ni hudhurungi 30219, kijani 34102 na kijani kizito 34079, na tumboni kijivu 36622. Hapa wengi huchukua namba, wakatafuta thamani zake za RGB (kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, 0 hadi 255) mtandaoni, wakazimwaga kwenye picha na kuona kazi imekwisha. Wamesahau tarakimu ya kwanza. 1 maana yake rangi inang'aa, 2 nusu mng'ao, 3 haing'ai. Kijivu cha kung'aa cha ndege za majini ni 16440 na nyeupe yake ya kung'aa 17875. Mabaka ya Vietnam yote ni ya 3. Namba imeshakuambia uso ule uakisi mwanga kiasi gani, na taarifa hiyo haiwekwi kwenye faili la rangi.

Katika Microsoft Flight Simulator inawekwa kwenye faili lenye jina linaloishia COMP, ambalo chaneli yake nyekundu hubeba vivuli vya mianya, kijani hubeba mkwaruzo wa uso (namba ikipanda, mng'ao hupungua), na bluu hubeba umetali. DCS World, simuleta ya ndege za kivita, ina faili la RoughMet lenye mpangilio huohuo. Kwa rangi ya kundi la 3, anza na kijani cha 170 hadi 200. Kwa kundi la 1, 60 hadi 90. Bluu iwe 0 popote penye rangi na 255 palipo na metali tupu. Thamani za katikati huleta uso wa plastiki usioeleweka. Ukiacha COMP ya ndege ya majini chini ya mabaka ya Vietnam utapata ndege iliyolowa maji, na watu watalaumu kijani chako.

Thamani za RGB za mtandaoni pia zichukuliwe kwa tahadhari. Simuleta huongeza mwanga wake yenyewe juu ya rangi yako, kwa hiyo nyeusi ya 0 hugeuka shimo na nyeupe ya 255 huunguza jicho. Kaa kati ya 30 na 240, kisha ijaribu ndege saa sita mchana na tena jua linapozama. Na 36622 si nyeupe, hata kama picha za zamani zimeifanya ionekane hivyo.

Kuna sehemu ambazo hazipakwi kabisa. Nyuma ya Phantom, chini ya mkia na kuzunguka matundu ya injini, ni metali tupu iliyobadilika rangi kwa joto. Mabaka yakipita pale, anayeijua ndege hii huacha kutazama.

Halafu mistari ya maungio. Kiwiliwili cha mita 17.8 kikijaza upana wa pikseli 4096, pikseli moja ni zaidi ya milimita 4. Mstari mweusi wa pikseli mbili basi ni ufa wa karibu milimita 9. Uweke kwenye tabaka lake, pikseli moja, na uzito wa asilimia 20 hadi 30. Uchafu nao ukae unapozaliwa: njia za mafundi juu ya mabawa, vifuniko vya mafuta, ngazi za rubani. Kunyunyiza masizi ndege nzima ni uvivu.

Kabla ya kuandika lolote, chora namba 1, 2, 3 kwenye kila kipande cha ramani ya tekscha (picha bapa inayovishwa modeli) na uipakie ndege. Utagundua mapema kama upande wa kushoto na wa kulia vinatumia eneo moja. Vikitumia, maandishi ya upande mmoja yatasomeka kinyume, na dawa iko kwa aliyetengeneza modeli, si kwako. Kwenye mabawa ya Kimarekani nyota hukaa juu ya bawa la kushoto na chini ya bawa la kulia tu. Rangi ivuke mipaka ya kila kipande kwa pikseli 8 hadi 16, la sivyo mishono myeupe itajitokeza ndege ikiwa mbali.

Hifadhi kama DDS, aina ya faili la picha, yenye mipmapu (nakala ndogo za picha za kutumiwa ndege ikiwa mbali). Picha ya 4096 kwa 4096 bila kubanwa hula megabaiti 64; ikibanwa kwa mbinu ya BC7 au DXT5 ni 16, na mipmapu huongeza theluthi. Kwa FSX (Flight Simulator X, toleo la zamani la Microsoft), igeuze juu chini kwanza.

Kuiingiza ndiko kunakochosha watu, ingawa makosa ni yaleyale. Kwenye Microsoft Flight Simulator 2020, tengeneza folda yako ndani ya Community, folda ya nyongeza, usiguse ya ndege asilia. Ndani ya aircraft.cfg, base_container, inayoelekeza kwenye ndege asilia, hupanda ngazi moja (..\JinaLaAsilia), lakini fallback ya texture.cfg, inayoelekeza kwenye picha zake, hupanda mbili (..\..\JinaLaAsilia\TEXTURE), kwa kuwa inahesabu kutoka ndani ya folda ya tekscha. Title, yaani jina la rangi ndani ya aircraft.cfg, isifanane na ya rangi nyingine. Kila faili liorodheshwe kwenye layout.json, lisiloorodheshwa, kwa simuleta halipo. FSX ina mtego wake: sehemu za [fltsim.x] za aircraft.cfg, moja kwa kila rangi, zifuatane kwa namba bila pengo, maana ikitoka 4 kwenda 6, kuanzia 6 hazisomwi. Simuleta ya X-Plane ni rahisi mno, folda ndani ya liveries na majina ya PNG yaleyale. DCS hutaka description.lua, koma moja ikikosekana rangi nzima haipakii, na ukiorodhesha nchi, rangi haitaonekana kwa nchi usiyoitaja. Neno la mwisho la kila mstari wa tekscha liwe false kwa faili lililo kwenye folda yako, true kwa lile la mchezo.

Ukiigawa, toa mafaili yote ya mtengenezaji ambayo hukuyabadilisha, na kwenye maelezo andika namba ya ndege, kikosi, mahali na tarehe unayodai kuionyesha, ili mwenye picha bora aweze kukusahihisha.