Nani Kachukua Betri za Mafuriko?

Jamani, mimi nauliza swali moja tu, na katika nyumba hii ya watu saba hakuna anayenijibu: nani kachukua betri za mafuriko?

Sisemi betri za redio. Sisemi betri za rimoti. Nasema za mafuriko. Nilizinunua mwenyewe, nne, nikazifunga kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nikazitia kwenye mfuko, mfuko nikautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, nikatangaza mbele ya mashahidi kwamba huu ni mfuko wa dharura, atakayeugusa kabla mto haujamgusa tutajuana. Leo rimoti inafanya kazi kama imetoka dukani, na kila nikiuliza, watu wanaangalia dari.

Sisi tunakaa Kasese, magharibi mwa Uganda, upande wa bondeni, mto Nyamwamba ukiwa jirani yetu. Ukiuona wakati wa kiangazi utaudharau. Watoto wanauvuka viatu vikiwa mkononi, akina mama wanafua. Lakini mvua ikimwagika kule juu kwenye milima ya Rwenzori, hata kama huku kwetu jua linawaka, mto unashuka na mawe makubwa kama takisi, yanagongana usiku kucha mpaka unadhani ile treni iliyokuwa ikibeba shaba ya mgodi wa Kilembe imerudi. Treni haijarudi. Mto ndio unaorudi. Mei 1, 2013 ulibeba nyumba na madaraja, ukaingia mpaka hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukaja tena, katikati ya korona, tukiwa tumefungiwa ndani. Serikali inasema kaa nyumbani, mto unasema toka. Mtu unamtii nani hapo?

Kwa hiyo mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, alipoita mkutano chini ya mwembe, aje kijana mmoja wa kujitolea atufundishe kujiandaa na majanga, mimi nilikaa mstari wa mbele. Kijana mzuri, ana picha zake kwenye karatasi kubwa. Akasema mafuriko yakija, kimbilieni mlimani. Tukaitikia. Radi ikipiga, msisimame mlimani wala chini ya mti. Tukaitikia pia, ingawa Mzee Thembo aliuliza basi mvua yenye radi na mafuriko tuende wapi, Kongo? Tetemeko likija, ingieni chini ya meza. Marehemu baba yangu, aliyefanya kazi mgodini, alikuwa akitusimulia lile la Machi 1966 kama vile lilitokea juzi, kwa hiyo siwezi kubisha. Lakini meza yangu ni moja, inaingiza watu watatu, na sisi ni saba. Nikamwuliza kijana wanne waliobaki wafanyeje. Kabla hajajibu, ngurumo ikapiga, manyunyu yakaanza, na mkutano mzima, mwalimu akiwa wa kwanza, ukajibana kwenye shina la mwembe.

Tukafika kwenye mfuko. Kila nyumba iwe na mfuko wake: tochi, betri, filimbi, kamba, dawa, karatasi muhimu, akiba kidogo ya pesa, chakula kisichohitaji kupikwa. Pembeni yake, maji lita 3 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tatu. Nikapiga hesabu palepale kwa kidole mchangani. Watu saba, lita 63. Ni jerikani tatu zilizojaa, na lita tatu za ziada. Nikasema hizo za ziada ni zangu, baba wa nyumba.

Chakula kisichohitaji kupikwa kiliwachekesha akina mama. Kwetu sisi tunakula bundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo, na sombe usipoitwanga na kuichemsha vizuri, hiyo nayo ni janga. Ndizi mbivu haiwezi kukaa siku tatu kwangu, haikai hata saa tatu. Nikanunua biskuti pakiti sita na karanga za kukaanga, nikafunga mfuko fundo mbili.

Biskuti zilikwisha Jumanne. Mwanangu Bwambale nilimkuta na unga wa biskuti kwenye kidevu.

"Nani alikuruhusu?"

"Baba, ulisema ni za dharura."

"Dharura gani?"

"Njaa."

Nikatafuta jibu katika yote niliyofundishwa chini ya mwembe, sikulipata.

Filimbi, ambayo kazi yake ni kuita msaada sauti ikikukauka, ilikwenda uwanjani. Wiki nzima watoto wa mtaa walichezeshwa mpira kwa filimbi ya majanga, na refa alikuwa huyohuyo mla biskuti. Kamba mke wangu, Mama Masika, aliifanya ya kuanikia nguo, akasema kamba inayokaa bure inaoza. Dawa za kichwa nilimeza mimi, lakini hilo ni suala la kitabibu, tusiliingilie.

Jerikani ya kwanza ilikwenda siku bomba lilipokauka. Ya pili aliioga shemeji yangu kutoka Bwera. Utamwambiaje shemeji, aliyefika na vumbi la njia nzima, kwamba haya maji ni ya mafuriko? Alioga, akaomba na ya miguu.

Akiba ilikuwa shilingi elfu ishirini. Kwanza likaja daftari la matanga, jirani amefiwa, na daftari hilo linasomwa kwa sauti mbele ya watu. Kisha shule ikaleta orodha yake ya kufungua muhula: ufagio, karatasi za chooni, rimu ya karatasi. Huwa najiuliza hizo fagio zote zinafagia wapi. Ikabaki mia tano, nayo nikainunulia kiberiti, maana kiberiti ni kifaa cha dharura.

Karatasi peke yake ndizo hazikuguswa. Ndangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, makubaliano ya kiwanja, kadi za chanjo, zote kwenye kaveera mbili. Nilizihifadhi vizuri mno, kiasi kwamba nilipoitiwa ndangamuntu nilipindua nyumba nzima asubuhi yote, nikamlaumu mke, nikawalaumu watoto. Mfuko ulikuwa unaning'inia umbali wa mkono mmoja.

Basi Alhamisi iliyopita, saa nane usiku, mawe yakaanza kugongana. Mbwa wa mtaa wakalia, mtu akapiga debe, "Tokeni! Tokeni!" Nikauchomoa mfuko msumarini, nikawahesabu watoto, nikawahesabu tena maana mara ya kwanza walikuwa sita, kumbe nimehesabu na wa jirani. Tukapanda mpaka uwanja wa kanisa. Namba 999 na 112 nazijua kichwani, na kuzipiga ni bure, ila simu ilikuwa imezimika tangu jioni.

Mungu wangu, vitu ambavyo watu huokoa! Mmoja kaja na televisheni mgongoni, ameifunga kwa kitenge kama mtoto, na mtoto mwenyewe anamfuata kwa miguu. Mwingine kang'oa mlango wake wa chuma, anasema mto ukichukua nyumba, mlango anao. Mwenyekiti alikuwa na muhuri wa mtaa mkononi na kiatu kimoja. Mzee Thembo kaja na kiti. Kiti tu, cha mbao, chenye mgongo.

Mimi nikajiona mstaarabu mwenye mfuko. Nikaufungua mbele ya wote, taratibu. Nikabonyeza tochi. Giza. Nikabonyeza tena. Hapo ndipo nilipouliza lile swali kwa mara ya kwanza, kwa sauti ambayo Mama Masika anasema ilishinda mto. Nikapapasa ndani: maganda ya karanga, kiberiti kimelowa, karatasi, filimbi imerudi. Kwa hasira nikaipuliza filimbi. Watu waliokuwa chini wakadhani maji yamefika, uwanja mzima ukaanza kukimbilia juu zaidi, televisheni na mlango vikapita mbele yangu.

Walipotulia, wakanitukana kwa lugha nne.

Mto ulipanda mpaka kwenye migomba, ukasita, ukarudi. Lakini tulisimama pale mpaka alfajiri, kwenye nyasi zenye maji, miguu ikiwaka moto. Aliyelala ni Mzee Thembo peke yake, mgongo umeegemea, mdomo wazi. Saa kumi aliamka, akaanza kukodisha kiti, shilingi mia mbili kwa robo saa. Mwenyekiti alikaa mara mbili. Mimi pesa ya dharura sikuwa nayo, ilikuwa rimu na matanga.

Kwa hiyo nimekwenda kwa seremala, nimelipa nusu, kiti changu kinatoka Ijumaa. Hakiliwi, hakimezwi, hakiogwi, na kwenye rimoti hakiingii. Ila Mama Masika ameniambia shemeji anarudi Jumapili kutoka Bwera, na tayari amepiga simu kuuliza atakalia nini.