Volkano ya Igogo

Jamani magoti yananidai. Na yote kaanzisha shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, yuko huko Honolulu, kaposti picha kwenye grupu la familia yeye na wanawe wako juu ya Diamond Head, ile volkano iliyozimika pembeni ya bahari, mita 232, wamevaa miwani meno yote nje. Mama Neema akaangalia picha, akaniangalia mimi nilivyojilaza kwenye kochi, akaangalia tena picha. Nikajua nimekwisha.

"Baba Neema, na sisi tupande."

Tupande nini? Mwanza volkano iko wapi, sisi tuna mawe. Neema yuko kidato cha pili, kila kitu anajua, akadakia eti baba haya mawe ni granaiti, ni uji wa moto ulipoa hukohuko chini zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita haukuwahi kutoka juu. Kwa hiyo ni volkano iliyokata tamaa, kama mimi.

Tukaenda Igogo, kofia, mabegi, chapati, mama Neema na mwavuli. Ngazi zenyewe ni mawe, mengine yanacheza, jua la saa nne limeshakuwa la saa saba. Nikaegemea jiwe nipumue, hapo mbele yangu wale mijusi wetu, kichwa na mabega pinki mwili bluu, mmoja kaniangalia weee halafu akaanza kupiga pushapu. Wallahi pushapu. Kitinda mimba akaishiwa nguvu kwa kucheka.

Mara nyuma yangu nasikia "Mwangaluka!" Mama mmoja, ndoo ya lita 20 kichwani, mtoto mgongoni, kandambili miguuni, wala hahemi.

"Mnaenda kwa nani niwaelekeze?"

"Hapana mama, tunapanda tu."

"Mnapanda tu?"

"Eeh."

"Mkifika juu?"

"Tunashuka."

Akanyamaza, ile ya kumwangalia mgonjwa. "Poleni." Halafu akapaza sauti, "Mama Kulwa! Hebu njoo uone!" Wakatoka watu watano kwenye nyumba zao hapo juu ya mawe, mama Neema ananifinya niseme ni mazoezi, nitasemaje mazoezi kwa mtu aliyepanda raundi ya tatu tangu alfajiri?

"Sasa baba, kwa vile unapanda tu," akasema, na ndoo hiyo anaitua, "nisogezee hii, nikawahi nyingine."

Nimefika juu nimelowa hadi soksi, nusu maji nusu jasho. Ziwa lilikuwa zuri, siwezi kudanganya, feri ya Kamanga inakatiza taratibu kama haina deni na mtu. Mama Neema akapiga picha akarusha grupuni, mimi na ndoo yangu kichwani.

Shemeji kajibu dakika hiyohiyo: "Hongereni! Mmehamia lini huko?"