Laini kodingi kwa Arduino: unajifunza kweli au unachora mawimbi tu?

Huu ubishi wa wanafunzi wa telekomu hauishi leo. Kuna wanaosema laini kodingi, yaani ile kazi ya kuamua sifuri na moja zipite kwenye waya kwa volti za namna gani, ifanyike kwa maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja kama ile ya bodi ya Arduino, ili mtu aione kwa macho yake, na kuna wanaokwambia hayo ni mateso ya bure, fungua MATLAB, programu ya hesabu na michoro, chora NRZ (volti inakaa ileile biti nzima), chora Manchester (volti inabadilika katikati ya kila biti), chora AMI (moja zinapokezana chanya na hasi, sifuri haina volti), bandika kwenye ripoti, maliza. Mi naona wote wana hoja, ila wengi wa Arduino wanaitetea yao vibaya.

Wa MATLAB wana haki kubwa kuliko wanayopewa. Pini ya Arduino Uno (ile ya R3) inatoa volti 0 au 5, basi, hasi hakuna. Sasa AMI inataka ngazi tatu, chanya, sifuri na hasi, utaitoa wapi hasi? Watu wanatumia pini mbili na rezista katikati: ya 8 ikiwa juu na ya 9 chini unapata +5, ukigeuza unapata -5, zikilingana unapata sifuri. Ujanja mzuri, unafanya kazi, ila ole wako ubandike klipu ya graundi ya osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya volti) kwenye mojawapo huku bodi imechomekwa kwenye kompyuta yenye graundi hiyohiyo, hapo umepiga shoti pini. Inabidi probu mbili, utoe moja kwa nyingine. Halafu ukitaka kuona nguvu ya mawimbi imelala masafa gani, ambayo ndo nusu ya sababu kodi hizi zikabuniwa, simulesheni inakupa hapohapo, bodi haikupi kitu. Na kasi nayo: digitalWrite, amri ya kubadili pini, peke yake inakula maikrosekunde kadhaa, na taima ya millis, ile ya kuhesabu muda, inakukatiza kila milisekunde 1.024, kwa hiyo ile Manchester ya Ethernet ya zamani ya Mbps 10 isahau.

Kwa hiyo kama jaribio lako ni bodi moja inatoa mawimbi na wewe unayakodolea kwenye skrini, wa MATLAB wamekushinda, umechora mchoro uleule kwa hela nyingi zaidi.

Ila weka bodi ya pili uone. Kati yake waya wa data na graundi tu, waya wa saa, ule wa kumpa mpokeaji mdundo wa biti, usiwepo. Saa ya chipu kuu ya Uno inatoka kwenye resoneta ya seramiki, sio kristali, na resoneta kama hizi kukosea nusu asilimia ni kawaida, kwa hiyo tuchukue bodi mbili zinapishana 1%. Tuma NRZ sifuri 50 mfululizo, hakuna badiliko lolote la kushikilia, mpokeaji ashateleza nusu biti, na ukifika 100 anakuhesabia 99 au 101. Kwenye MATLAB hili halitokei mpaka uliweke mwenyewe kwa makusudi, maana mtumaji na mpokeaji wanasoma muda uleule, na asiyelijua tatizo ataliwekaje? Ukishaiona hiyo 99 kwenye siriali monita (dirisha la kompyuta la kusoma bodi inachotuma) huulizi tena kwa nini UART, ile siriali ya kawaida, inaanza kila baiti na biti ya kuanzia, kwa nini CAN, mtandao wa ndani ya magari, inapachika biti ya kinyume baada ya tano zinazofanana, wala kwa nini mtu akubali Manchester imlie benwidi mara mbili.

Na Manchester yenyewe ina vituko vyake. Kuna mila mbili: ya G. E. Thomas inasema moja ni kushuka, ya IEEE 802.3, kiwango cha Ethernet, inasema moja ni kupanda. Mwenzako akisoma kitabu kimoja na wewe kingine, herufi A unayotuma kama 01000001 inamfikia 10111110, na kila mtu anaapa programu yake iko sawa, na kweli iko sawa.

Zile moduli za redio za bei rahisi za MHz 433 ndo zinanogesha zaidi. Risiva inaamua sifuri au moja kwa kulinganisha na wastani wa ishara, sasa ukituma sifuri nyingi mfululizo wastani unazama, risiva inaongeza nguvu ya kusikiliza na kuanza kukuletea makelele ya hewani kama data. Manchester wastani wake unabaki katikati, mambo yanatulia, na hapo umeuelewa mlingano wa DC (wastani wa volti usielemee upande mmoja) bila kugusa hesabu.

Hoja ya wapinzani ninayoiheshimu ni ya muda, kwamba kipindi chote cha maabara kinaishia kuhangaika na taima na intarapti (vikatizo vya programu) na mwanafunzi hajui kosa ni la kodi ya laini au la programu yake. Kweli, lakini mara nyingi ni tamaa ya kasi. Baki kwenye kilobiti 1 kwa sekunde, nusu biti inakuwa maikrosekunde 500, na micros() inayohesabu maikrosekunde kwa hatua za 4 inatosha na kubaki.

AMI na HDB3 (AMI iliyorekebishwa isikae na sifuri nyingi mfululizo), zile za laini za simu za E1, mi ningeziachia MATLAB. NRZ na Manchester ziende bodi mbili, na cha kwanza kutumwa ziwe sifuri tupu, sio "Hello World", maana herufi za kawaida zina mabadiliko ya kutosha kumweka mpokeaji sawa, jaribio linafaulu na tatizo hujaliona.