Shemeji, Asilimia 49 na Cheti cha Mwanajeshi Mstaafu

Kila nikirudi Kenya lazima mtu aniulize: hiyo tenda ya serikali ya Marekani uliipata kupitia kwa nani? Nikisema hakuna mtu, anacheka kidogo, ishara kwamba amenielewa na siri yangu iko salama. Mara ya mwisho, Nakuru, alikuwa mjomba wangu. Nilimweleza mpaka chai ikapoa, na bado alitaka jina.

Jina sina. Nilikuwa na goti bovu na karatasi mbili. Nilikuja huku mwaka 2008 kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani, mwaka uliofuata nikaingia jeshini, nikatumikia miaka minane. Karatasi ya kwanza ni DD 214, ile anayopewa askari akiaga jeshi. Ya pili ni barua ya wizara ya wanajeshi wastaafu inayokiri kwamba goti liliharibikia kazini. Wizara hupima ulemavu kwa asilimia, na kwa cheti cha serikali kinachoitambua biashara yako kuwa ya mwanajeshi mstaafu aliyeumia kazini, hata ukipimwa sufuri unahesabiwa, mradi imekubaliwa kuwa jeraha lilitokana na utumishi.

Kampuni yangu inafagia na kupiga deki maofisi hapa Tacoma. Kwa biashara kama hii cheti kina uzito, maana serikali kuu imejiwekea lengo la kuwapa wastaafu walioumia asilimia 5 ya fedha za kandarasi zake; zamani lilikuwa 3. Wizara yao inabanwa zaidi. Sheria ya 2006 inaitaka iwatazame wastaafu kwanza, na ilipojaribu kukwepa, mwaka 2016 majaji wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja: ikiwa biashara mbili au zaidi za wastaafu zinaweza kuifanya kazi kwa bei ya haki, waigombee wao peke yao. Tangu Januari 2023 cheti hutolewa na Shirika la Biashara Ndogo. Ni bure na hudumu miaka mitatu.

Nilidhani kazi itakuwa kuthibitisha kwamba nilikuwa askari. Hiyo iliisha kabla ya chakula cha mchana. Kilichonitoa jasho ni shemeji.

Tulipoanza mwaka 2019, kaka ya mke wangu ndiye aliyetoa pesa za mashine za kusugua sakafu na gari la mtumba. Tukaandikiana kindugu: mimi 51, yeye 49, na hakuna uamuzi mkubwa bila sahihi za wote wawili. Kwetu huo ndio uungwana. Basi afisa mmoja ambaye sijawahi kumwona uso akaniandikia kwamba kwa kifungu hicho, kampuni si mimi ninayeiendesha. Kumiliki 51 hakutoshi. Mstaafu awe na cheo cha juu kabisa na usemi wa mwisho, na kama ana ajira nyingine saa za kazi, aeleze anaisimamiaje biashara.

Sasa nenda ukamwambie hivyo mtu aliyekununulia gari. Nilianza kwa mke wangu, mke wangu akampigia mama yake Nyeri, na kufikia jioni kikao cha ukoo kilikuwa kwenye WhatsApp. Shemeji alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Kwa hivyo Mzungu amekwambia unitoe?" Nikamwambia sikutoi, nakunyang'anya kalamu tu. Hakucheka.

Nilikasirika, nakiri. Niliona nchi hii haijui pesa ya jamaa inavyotembea, kwamba anayetoa anataka kuheshimiwa kuliko anavyotaka faida. Wiki mbili baada ya cheti kutoka, akanijia mkandarasi mmoja: niweke jina tu, kazi afanye yeye, nichukue asilimia kumi nikiwa nimekaa nyumbani. Ndipo nilipojua ule ukali ni wa nini. Huku mchezo huo wanauita kumkodi mstaafu, na watu wamefungwa jela kwa ajili yake. Sisi tunauita kusaidiana.

Na msiniambie Kenya tunakosa sheria. Tuna mpango wa zabuni uitwao AGPO tangu 2013: asilimia 30 ya zabuni za serikali zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, wawe angalau asilimia 70 ya wanachama wa kampuni na uongozi wote uwe mikononi mwao. Kwenye karatasi tumewashinda Wamarekani kwa ukarimu. Lakini kaka yangu alitumikia jeshi la Kenya, KDF, zaidi ya miaka 20, akapelekwa Somalia, akarudi mzima. Ana miaka 47. Si kijana, si mwanamke, si mlemavu. Kwa hivyo kampuni yake ya samani imesajiliwa kwa jina la mkewe, fundi wa nguo ambaye hajawahi kukanyaga karakana. Mimi niliyemfukuza yule mkandarasi, kaka nimwambie nini?

Sijamwambia kitu, kwa sababu ana jambo kubwa zaidi la kumkosesha usingizi. Alipeleka madawati kwenye kaunti moja, na mwaka wa pili huu anaambiwa faili iko mezani. Mimi nikipeleka ankara iliyo sawa na siku 30 zikapita, serikali inanilipa pamoja na riba. Sheria hiyo ipo tangu 1982. Kama kuna kitu kimoja cha huku ningekifunga kwenye sanduku nikipeleke nyumbani, ni tarehe ya malipo. Vyeti tunavyo vya kutosha.

Hata cheti cha huku, tusidanganyane, hakileti kazi. Nilikaa nacho miezi kumi na minne ukutani. Simu zilizoingia ni za mabroka wanaotaka dola mia kadhaa wanisajili kwenye SAM, mfumo wa serikali ambao kujisajili ni bure. Nikiwasikia nawakumbuka vijana wa nje ya ofisi za serikali Nairobi, wale wenye "njia ya haraka". Tofauti ni lafudhi tu. Kandarasi ya kwanza, kliniki ndogo ya wastaafu, niliiona imetangazwa baada ya afisa wa manunuzi niliyekutana naye kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo kunionyesha mahali pa kutazama. Kwa hiyo mjomba hakukosea kabisa. Kujuana kupo, ila yule afisa nilikutana naye ukumbini pamoja na watu mia wengine, na hakutaka chai.

Shemeji bado ana asilimia zake 49 na gawio lake analipata. Kalamu hajaisamehe. Tukikutana kwenye nyama choma ya Jamhuri ananiamkia mbele ya watu, "Mheshimiwa Hamsini na Moja, leo mbuzi analipiwa na nani?"

Nalipa mimi.