Baraza la Watu 24

Anayelalamika kwamba filamu za Robert Altman, mwongozaji wa Kimarekani, hazina hadithi, mpelekeni Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya Laasiri. Wawili wanacheza bao, watatu wanabishana bei ya mchele, mmoja anasoma gazeti kwa sauti bila kuombwa, na muuza kahawa anapita katikati yao akigonganisha vikombe. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Hata hivyo, mtu akikaa pale nusu saa anaondoka akijua nani kanuniana na nani, na nani ana jambo analolificha. Sikio la Mzanzibari limeshazoea kusikiliza hivyo. Tatizo huanza tunapokaa mbele ya skrini tukitaka shujaa mmoja na adui mmoja.

Tazama Nashville, filamu yake ya mwaka 1975. Wahusika wakuu 24, siku tano, mji mmoja wa wanamuziki, saa mbili na dakika 40 hivi. Nyimbo kadhaa zilitungwa na waigizaji wenyewe, na mmoja wao, Keith Carradine, akaondoka na Oscar ya wimbo bora. Mwigizaji Ronee Blakley ndiye aliyeandika maneno ya ile sehemu ambapo mwimbaji anaanza kupayapaya jukwaani badala ya kuimba. Kwa hayo watu wakahitimisha kwamba Altman aliwasha kamera tu na kuomba dua. Sivyo. Mwandishi Joan Tewkesbury alipelekwa Nashville kwanza, akaandika aliyoyaona, kisha ndipo akatengeneza muswada wa filamu: nani anakutana na nani, wapi, siku gani. Waigizaji waliachiwa maneno na madoido. Ni kama taarab ya zamani: fidla, ganuni, udi na nai zinafuata njia moja, na kila mpigaji anaipamba kwa mkono wake. Asiyeujua wimbo hana cha kupamba.

Halafu kuna uzi, na huu watazamaji wengi huupita bila kuuona. Ndani ya Nashville inazunguka gari ya kampeni yenye vipaza sauti, ikimnadi mgombea ambaye hatumwoni uso. (Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza gari hiyo inasikikaje.) Gari inapita, tunamwacha huyu na kumshika yule. Ujanja wa aina hiyo alishautumia katika MASH ya mwaka 1970, ya hospitali ya kijeshi vitani: matangazo ya kipaza sauti cha kambi yaliongezwa wakati wa kuhariri, kuunganisha vipande visivyokuwa na daraja. Katika Prêt-à-Porter ya mwaka 1994 nyota wamejaa Paris na hakuna kinachowafunga isipokuwa nguo. Kwangu hiyo ni filamu iliyoanguka, na mtindo si wa kulaumiwa. Uzi ndio haukuwepo.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye sauti. Mwaka 1971, filamu yake McCabe & Mrs. Miller ilipotoka, wengi walilalamika kwamba maneno yanazama. Kufikia mwaka 1974, katika California Split, Altman alikuwa anarekodi kwa mtambo wa njia nane, yaani unaonasa sauti nane kila moja peke yake. Waigizaji walifungwa maikrofoni ndogo za redio, kila moja na njia yake. Watu wanane wakizungumza kwa pamoja, fundi anaweza baadaye kuwashusha saba na kumwinua mmoja, kisha kumbadilisha na mwingine kwenye sentensi ya pili. Ile tunayoiona kuwa vurugu imepangwa mezani, sauti moja moja.

Hapo ndipo wanaoiga mtindo huu hapa visiwani hukwama. Wanakodi kamera ya bei, kisha wanaweka kipaza sauti kimoja juu ya baraza zima. Watu sita wakisema pamoja, sauti zote zinaingia njia moja, na mhariri hana la kufanya. Chumvi ikishaingia mchuzini haichaguliwi. Bora kamera ya kawaida, maikrofoni nne za kuvaa, na kinasa sauti chenye njia zisizopungua nne. Kanzu iliyotiwa wanga hukwaruza maikrofoni kifuani, basi ifiche kwenye ukingo wa kofia, juu ya paji la uso. Kwenye buibui, ibane kati ya vipande viwili vya utepe ili kitambaa kisisugue. Kuta za Mji Mkongwe hurudisha mwangwi, hivyo tandika mablanketi mazito upande ambao kamera haioni. Adhana nayo ipangie: ikisikika katika mkupuo mmoja (kipande kinachopigwa bila kusimamisha kamera) na isisikike katika mwingine, vipande hivyo havitaungana. Na kabla hamjaondoka, rekodi dakika moja ya mahali pakiwa kimya, ya kuziba mapengo.

Kamera ziwe mbili, tena ziwe mbali. Mazungumzo ya kubuni papo hapo hayarudiwi sawasawa: mara ya kwanza kikombe cha kahawa kimejaa, mara ya pili kimebaki robo. Na muigizaji asiyejua kamera gani inamtazama huacha kuiigizia. Mpe kila mmoja anachokitaka, siri moja, na sentensi mbili ambazo lazima zisemwe. Mengine ayatoe mwenyewe. Bila hizo sentensi mbili, wote hukimbilia mzaha, na dakika kumi za mkupuo hazitoi hata mbili za kutumia.

Anayeanza kutazama aanze na Gosford Park ya mwaka 2001. Ni jumba la matajiri Uingereza: waheshimiwa wako juu, watumishi chini, na juu hakioneshwi kitu pasipo mtumishi kuwepo, kwa hiyo tunajua tu ambayo wao wangeweza kuyajua. Dakika 20 za mwanzo usihangaike na majina. Mara ya pili, mgeni mwimbaji, Ivor Novello, anapokaa kwenye piano na kuimba, waache wageni na karata zao. Tazama ngazi na milango. Watumishi wamejibanza gizani, wanasikiliza.