Chumvi, bamvua na mabwawa ya majitaka

Ikitajwa habari ya Bagamoyo kujengewa mabwawa ya kusafisha majitaka kwa mwani na bakteria, hoja mbili hugongana. Wengine husema mji uko ufukweni, chumvi itaingia na kuua vijidudu vyote. Wengine hujibu kwamba mwani kwao ni baharini, hofu ya nini?

Mfumo wenyewe ni wa kulishana. Mchana mwani mdogo, ule unaofanya bwawa kuwa kijani, hutoa oksijeni. Bakteria huitumia kumeng'enya uchafu, nao hutoa hewa ya ukaa inayorudi kuwa chakula cha mwani. Hakuna mashine ya kupuliza hewa. Kwa mji wenye jua kama wetu, huo ni utajiri.

Lakini chumvi si ya kudharau. Mtengeneza ng'onda anajua inavyonyonya maji ya samaki. Seli ya bakteria nayo hunywea vivyo hivyo. Huumia zaidi wale wanaogeuza amonia kuwa naitreti, na kwa kuwa huzaliana polepole, wakifa kurudi kwao huchukua wiki kadhaa. Tena katika nyuzijoto 25, lita ya maji yasiyo na chumvi hushika oksijeni miligramu 8 hivi, ya bahari haifiki 7. Bahari huleta pia salfeti, ambayo chini ya bwawa kusikofika hewa hugeuka gesi inayonuka kama mayai viza, ikadhuru mwani na kula zege.

Hata hivyo Hong Kong husukuma vyoo kwa maji ya bahari tangu miaka ya 1950, na sehemu ya majitaka hayo husafishwa na bakteria. Wakizoeshwa taratibu, huzoea. Na upo mwani unaostawi hata kwenye maji ya mashamba ya chumvi, makali kuliko bahari.

Kinachonitia hofu mimi ni chumvi inayoyumba. Bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu. Bomba lililopasuka karibu na pwani litavuta maji ya bahari siku hizo, maji mafu, yale yasiyojaa sana, yakifika chumvi ipungue, masika yakinyesha ishuke zaidi. Bakteria watazoea lipi? Hong Kong chumvi ni ya kila siku; kwetu itakuwa ya kuvizia. Ndiyo maana ningeanza na viungo vya mabomba, na kupima chumvi bamvua na maji mafu kwa mwaka mzima, kabla ya kuchimba bwawa lolote. Maabara nayo iangaliwe: kloridi huvuruga kipimo cha uchafu kinachotumia kemikali, kikasoma juu kuliko hali halisi, na bwawa zima likahukumiwa bure.

Kuna jambo pande zote mbili hulipita. Si mwani wala bakteria wanaoondoa chumvi. Itakayoingia ndiyo itakayotoka, kwa hiyo mkulima wa mchicha asiahidiwe maji hayo.